Melita, Kisiwa cha Nanga Nne

Nilikwenda Malta, Melita ya Biblia, kwa ajili ya mashua ndogo ambayo haipo tena. Ni ile ya Matendo ya Mitume sura ya 27, iliyovutwa nyuma ya merikebu ya Aleksandria iliyombeba Paulo, mfungwa, kuelekea Roma, hadi askari walipoikata kamba ikaenda zake. Wahubiri wanaipenda dhoruba ya sura hiyo, wanampenda malaika, na wanampenda zaidi nyoka wa sura inayofuata. Mashua wanairuka. Mimi ndiyo iliyoning'ang'ania, kwa sababu kila nilipoambiwa nimwachie Mungu maisha yangu, niliuliza: nimwachie nini hasa, na kipi kibaki mkononi mwangu? Sikupata jibu la kueleweka kwenye mimbari. Nikaona niende nikaitazame bahari yenyewe.

Tulivuka tukiwa kundi dogo la waumini wa makanisa mbalimbali, kutoka Pozzallo, kusini mwa Sisilia. Bahari ikiwa shwari, kivuko cha mwendo kasi hakimalizi saa mbili. Haikuwa shwari. Ilikuwa Februari, na upepo wa kaskazini-mashariki ulikuwa umeamka. Wamalta wanauita grigal, na wengi wanaamini ndio ule ule ambao Luka, mwandishi wa Matendo, anauita Eurakilo. Karibu nami aliketi muuguzi mmoja mstaafu, mwanamke wa maneno machache, ambaye kundi zima tulimwita Mama Muuguzi. Kivuko kilipoinuka na kuanguka akanishika mkono wa koti. "Mwanangu," akasema, "hapa hata usipotaka utamwachia Mungu."

Mabaharia wa Kirumi waliiogopa miezi hii. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Machi bahari kuu ilihesabiwa kuwa imefungwa. Merikebu ya Paulo ilikawia hadi siku ya mfungo wa Wayahudi ikapita, yaani vuli imeshaingia, ndipo ikatoka Bandari Nzuri kule Krete. Paulo alionya. Akida Yulio, ofisa wa Kirumi aliyemlinda, akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Mahubiri mengi yanamsuta akida kwa hilo, lakini mimi simlaumu. Kwa habari za bahari ungemsikiliza nani, nahodha au mshona mahema kama Paulo?

Valletta, mji mkuu wa Malta, tuliifikia sikukuu ikiwa imepamba moto. Tarehe 10 Februari Wamalta huadhimisha kuvunjika kwa merikebu ya Paulo. Sanamu yake ya mbao ilitolewa kanisani ikabebwa mabegani katika vichochoro vyembamba, huku vipande vya karatasi vikimwagwa kutoka roshanini hadi barabara ikawa nyeupe. Nilifurahia, lakini kilichonikamata kilikuwa ndani ya kanisa: kipande cha nguzo ya mawe ambayo, kwa mapokeo, Paulo alikatiwa kichwa juu yake huko Roma. Papa Pius VII alikitoa zawadi mwaka 1818.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu. Malaika alimwambia Paulo katikati ya dhoruba asiogope, kwa kuwa hana budi kusimama mbele ya Kaisari. Tunalisoma neno hilo kama habari njema ya kuokoka, nalo ni habari njema kweli. Ila kusimama mbele ya Kaisari kulikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ndio jiwe lile. Mungu alimtoa mtu baharini ili ampeleke kwenye nguzo. Anayehubiri kwamba ukimkabidhi Mungu maisha yako mambo yatakunyookea, aje asimame hapa kwanza, kisha arudi akahubiri.

Rabat, mji mwingine wa Malta, sitaisimulia kwa kirefu. Kuna pango dogo, baridi, linalosemekana Paulo alikaa humo. Mapapa watatu wa zama zetu wamefika, Yohane Paulo II mwaka 1990, Benedikto XVI mwaka 2010 na Fransisko mwaka 2022. Luka hataji pango lolote. Anachosema ni kwamba walikaa kisiwani miezi mitatu, kwamba Paulo alimponya baba wa Publio, mkuu wa kisiwa, aliyekuwa na homa na kuhara damu, na kwamba wagonjwa wengine wakaja. Mama Muuguzi alikumbusha kwamba Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Wakati ule sikujua analielekeza wapi neno hilo.

Upepo ulipotulia tukaenda kwenye ghuba yenye jina la Paulo, upande wa kaskazini. Wapo wanaosema merikebu ilivunjikia pwani nyingine kabisa, na hoja zao si za kupuuza. Mimi nilihitaji maji tu, na mvuvi mmoja alikubali kututoa na chombo chake cha mbao, kilichopakwa rangi ya buluu, njano na nyekundu, na macho mawili yamechorwa kwenye omo, yaani mbele. Mbele yetu kilikuwa kisiwa kidogo chenye sanamu ya mtume. Karibu na usukani kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha kina cha maji. Nilikuwa nimepiga hesabu mapema: pima 20 alizozitaja Luka ni kama mita 37, na pima 15 ni kama mita 27. Tulikuwa tunatoka nje ya ghuba, kwa hiyo tulizipata kinyumenyume. Ikaja 27, mvuvi akapunguza mwendo. Baadaye kidogo ikaja 37. Alizima injini tukabaki tunayumba.

Mama Muuguzi akasema kile kioo hakimtoshi. Mvuvi akatafuta sandukuni akampa mshipi wenye chubwi. Mama akaushusha mwenyewe, kamba ikimteleza kati ya vidole, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni ndani ya mkono wa sweta. Iliteremka, ikateremka, ikaisha kabla haijagusa chini. "Na wao walikuwa gizani," akasema.

Hapo ndipo tulipoisoma. Usiku wa 14 mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanapima maji, wanaona kina kinapungua, wanatupa nanga nne za tezi, yaani nyuma ya merikebu, na kuomba kuche. Siku chache nyuma nilikuwa nimeona, katika makumbusho ya bahari kule Birgu, upau wa nanga ya Kirumi wa madini ya risasi uliotolewa baharini mwaka 1963. Una uzito wa tani nne hivi. Nanga za merikebu ile huenda zilikuwa ndogo zaidi, lakini aliyesimama mbele ya dubwana lile hawezi tena kusema kwamba watu wa merikebu ya Paulo walikunja mikono wakamngoja Mungu. Walikuwa wameifunga merikebu kwa kamba isifumuke. Walikuwa wametupa shehena. Waliiachia ichukuliwe na upepo pale tu iliposhindikana kushindana nao.

Kisha mabaharia wanashusha ile mashua, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo. Wanataka kutoroka. Paulo anamwambia akida na askari kwamba mabaharia hawa wasipokaa ndani ya merikebu, akida na askari wenyewe hawataweza kuokoka.

"Ngoja, mama," nikasema. "Malaika si alishaahidi kwamba hapotei hata mmoja? Watu 276, wote. Sasa mabaharia wanahitajika kwa lipi?"

"Ndilo nililokuwa nalingojea," akasema. Akaeleza kwamba wodini amewaona wengi. Mtu ana kisukari, anaambiwa na watu wa maombi amwachie Mungu, anaacha sindano. "Anadhani amekata mashua. Hajakata mashua, mwanangu. Amewafukuza mabaharia."

Nilinyamaza, kwa sababu lilikuwa jibu bora kuliko yote niliyowahi kupewa, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa anakamua sweta. Ahadi ya Mungu ilikuwa imara, na bado Paulo hakuona aibu kusema bila mabaharia hakuna kupona. Ujuzi wao ulikuwa ndani ya ahadi. Alichokikataa ni ule mlango wa siri: watu wachache wanaojiokoa wenyewe, usiku, huku wakijifanya wako kazini kwa ajili ya wote. Askari wakakata kamba, mashua ikaanguka ikaenda zake. Kulipokuwa kukicha Paulo akawahimiza wote wale chakula, akamshukuru Mungu, akaumega mkate. Wakashiba, wakaitupa ngano baharini. Wakaziachilia nanga, wakalegeza kamba za usukani, wakatweka tanga, wakailekeza merikebu pwani. Ndiyo, siku ya mwisho waliushika usukani tena. Wakakwama mahali ambapo bahari mbili zinakutana, tezi ikavunjika, wakafika nchi kavu wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya merikebu.

Lilibaki jambo moja lisilonikalia sawa. Mashua ile ingefaa sana asubuhi hiyo. Ingeweza kuwavusha wasiojua kuogelea, na isitoshe Luka hasemi kwamba Paulo aliagiza ikatwe. Nilimgeukia mvuvi, ambaye hadithi hii ameisikia tangu utotoni, nikamuuliza kama yeye angeikata.

Akacheka kwa sauti. Alisema hakuna mtu wa bahari anayekata mashua. Angeipandisha juu, aifunge, na mabaharia wote wanne watano wakorofi awakalishe palepale machoni pake mpaka kuche.

"Usiku kucha?" Mama Muuguzi akamuuliza. "Na wewe usisinzie?"

Mvuvi akawaza kidogo, akakubali kwamba hapo angeshindwa. Kisha akawasha injini, maana grigal ilikuwa inarudi na yeye alikuwa na nyavu za kutoa.