Uzi mwekundu kwenye mguu wa kuku

Mtihani wa anatomia ya wanyama uliniangusha kwa swali moja: matao ya aota, ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Nilikuwa nimekariri kwamba kijusi cha mnyama mwenye uti wa mgongo huota hadi jozi sita za mishipa inayotoka moyoni na kulizunguka koo, kisha baadhi hutoweka. Zipi hutoweka, kwa nani, upande gani? Hapo nikachanganya kila kitu. Niliporudi Lamu likizoni, nikaiacha michoro nikaingia jikoni.

Changu hakunisumbua. Ukifunua mashavu yake unaona matao manne kila upande, na moyo umejificha palepale chini ya koo, mbele yake kivimbe cheupe ambacho mama amekuwa akikitupa miaka yote. Damu hupita matamvuani kwanza, ndipo iende mwilini.

Kuku ndiye aliyenitoa jasho. Kitabu kinasema ndege hubakiza tao la nne la kulia, nami namwona amelala chali, mshipa umepinda kushoto! Nikatangaza kwamba kitabu kimekosea. Shangazi, mkono mmoja kwenye kikuna nazi, akaniuliza, "Kushoto kwako, mwanangu, au kwake?" Kuku wa pili nilimfunga uzi mwekundu mguu wa kulia kabla ya kumpasua. Wote wawili tuliwala na wali.

Buchani nikasema, "Ami, nitolee moyo na mapafu ya mbuzi pamoja, usikate mishipa, na pafu la kulia ulifunge uzi huu." Akataka kujua ni mganga gani aliyenituma. Tao la mbuzi, kama letu sisi, lilipinda kushoto. Kati ya aota na mshipa uendao mapafuni nikapapasa kamba ngumu, baki la tao la sita. Mwana akiwa tumboni hapo ni wazi, damu hukatiza kama mtu anayevuka kwa wikio kutoka nyumba hii hadi ile bila kushuka kichochoroni, kwa kuwa mapafu bado hayana kazi. Akishazaliwa, panazibwa.

Chura na mjusi bibi alikataa wasikanyage jikoni mwake, basi hao nikawasoma tu: wote hubakiza matao ya nne mawili, la kulia na la kushoto, na la sita la chura hupeleka damu mapafuni na kwenye ngozi.

Kwenye marudio nilimchora kuku na uzi wake mguuni. Nilipita, ila msahihishaji aliuzungushia ule uzi duara na alama ya kuuliza.