Kuchelewesha Picha si Kuficha Habari

Tarehe 23 Agosti 2010, jijini Manila, askari polisi aliyekuwa amefukuzwa kazi aliteka basi la watalii kutoka Hong Kong. Ndani ya basi hilo mlikuwamo televisheni, kwa hiyo mtekaji aliwatazama polisi waliokuwa wakimzingira kupitia vituo vile vile vilivyokuwa vikiwahabarisha wananchi majumbani. Alimwona hata ndugu yake akikamatwa, akazidi kupandwa na hasira. Hadi usiku, mateka 8 walikuwa wamekufa. Sidai kwamba kamera ndizo zilizowaua, maana polisi wenyewe waliboronga uokoaji ule, ila mtu aliyeshika bunduki hakupaswa kupewa dirisha la kuchungulia nje. Jambo hilo halikuwa geni: mwaka 1972 mjini Munich, polisi waliovaa mavazi ya michezo walionyeshwa kwenye televisheni wakipanda juu ya jengo walimoshikiliwa wanamichezo wa Israeli, na mpango wao ukaachwa.

Kwa hiyo nakubali kwamba matangazo ya moja kwa moja ya operesheni za usalama yana mipaka. Ninachokataa ni kuigeuza mipaka ya saa chache kuwa ukimya wa kudumu. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinaruhusu uhuru wa kujieleza kuwekewa vizuizi, lakini viwe vimewekwa na sheria na viwe vya lazima, kwa mfano kulinda usalama wa taifa. Picha inayoonyesha askari walipojificha ni hatari sasa hivi. Kesho asubuhi, operesheni ikiwa imekwisha, picha hiyo hiyo ni ushahidi.

India, baada ya mashambulizi ya Mumbai ya mwaka 2008, ilipiga marufuku mwaka 2015 matangazo ya moja kwa moja ya operesheni dhidi ya ugaidi hadi zikamilike, na kuviachia vituo taarifa za ofisa aliyeteuliwa tu. Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo naiunga mkono kwa sababu ina kikomo. Nusu ya pili inanitia shaka, kwa kuwa anayeendesha operesheni ndiye anayebaki kuwa msimulizi wake pekee. Baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi mwaka 2013, picha za kamera za jengo zilionyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko. Picha hizo ziliporushwa, operesheni ilikuwa imekwisha, hapakuwa na mateka wa kuokolewa, na bado waandishi waliozirusha walitishiwa kukamatwa. (Usalama wa nani ulikuwa ukilindwa hapo, sijaelewa hadi leo.)

Ndiyo maana mwandishi anayeamriwa kusitisha matangazo amwulize ofisa amri hiyo inakoma saa ngapi na inategemea sheria gani, kisha atii kwa kutorusha picha, huku akiendelea kurekodi.