Nilivyofika kwenye kiti cha Taaluma

Wahadhiri vijana huniuliza waandike makala ngapi ili siku moja wawe Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma, yaani msaidizi wa mtendaji mkuu wa chuo anayesimamia masomo. Makala zinahitajika, tena sana. Bila kufika ngazi ya uprofesa jina lako haliingii hata mezani. Lakini mimi kilichonifikisha hapa ni mitihani.

Nilianza kama mkufunzi msaidizi wa kemia, nikapanda ngazi zile zile: mhadhiri msaidizi baada ya uzamili, mhadhiri baada ya uzamivu (PhD), kisha mhadhiri mwandamizi. Hapo idara ikakosa mratibu wa mitihani, kazi ambayo wenzangu waliikwepa kama mtu anayedaiwa dukani. Nikaichukua.

Huko ndiko nilikojua safari ya alama. Mhadhiri anasahihisha, mtahini kutoka nje ya chuo anapitia, idara inajadili, bodi ya ndaki, yaani ya kundi la idara, inajadili tena, ndipo Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, inapitisha. Mmoja akichelewesha kozi yake, darasa zima linakaa halijui nani ana sapu, yaani mtihani wa marudio, na nani kadisko, yaani kaondolewa masomoni, na Bodi ya Mikopo inasubiri matokeo kabla ya kuwalipa wanaoendelea na masomo. Barua za kuhimiza hazikusaidia kitu. Nikaanza kubandika mlangoni pa mkuu wa idara orodha ya kozi ambazo alama zake hazijaletwa, bila majina ya wahadhiri. Majina kila mtu aliyajua. Profesa mmoja mzee aliniita karani, akanuna muhula mzima, lakini alama alileta.

Kutoka hapo nilipewa ukuu wa idara, halafu uamidi, yaani ukuu wa kitivo, halafu kurugenzi ya shahada za awali. Utafiti sikuuacha: niliendelea kusimamia wanafunzi wa uzamivu, na Jumamosi ilikuwa ya maabara. Uprofesa ulitoka huko.

Nafasi ya Naibu ilipotangazwa niliomba. Kamati ya utafutaji haikugusa sana makala zangu. Waliuliza: programu ina wanafunzi wengi, wahadhiri wenye uzamivu hawatoshi, na wakaguzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wako njiani, utafanyaje? Nikasema nitasimamisha udahili wa mwaka wa kwanza, waliomo wamalize, huku nikitafuta walimu. Aliyeshika fedha hakufurahia, maana ada ndiyo inayolipa umeme.

Sasa Makamu Mkuu wa Chuo ndiye anayekwenda kwa wizara na wafadhili, mimi nabaki na udahili, mitaala, maktaba na mitihani. Vikao ni vingi kuliko nilivyodhani, na vingine havina haja kabisa.

Kinachonikosesha usingizi ni walimu. Profesa hustaafu kwa lazima akifika miaka 65. Kumpata wa kuziba pengo lake unaanza na kijana mwenye GPA, yaani wastani wa alama za shahada, ya 3.8 au zaidi kati ya 5, umpeleke uzamili, umpeleke uzamivu, na hapo amekuwa mhadhiri tu. Uprofesa bado uko mbali. Ndiyo maana kila idara inaniletea orodha ya watakaostaafu ndani ya miaka kumi, hata kama wahusika bado wana nguvu za kubishana nami. Nikiipata tu, naanza kufuatilia vibali vya ajira Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia ajira za umma, na vikitoka vichache kuliko nilivyoomba, idara yenye wazee wengi ndiyo inayopewa kwanza.