Kutoka Dakika 3 hadi Dakika 20

Ijumaa iliyopita nilipanda jukwaani nikiwa mshairi mwalikwa kwa mara ya kwanza, katika ukumbi mdogo hapa katikati ya Nairobi. Kwenye jukwaa huria unajiandikisha mlangoni, unapewa dakika 3, na hakuna anayekudai zaidi ya shairi moja zuri. Mwalikwa hupewa dakika 20. Jina lake liko kwenye bango, na watu wamelipa kiingilio wakimtarajia yeye.

Nafanya kazi katika duka la dawa Kayole. Mashairi yangu mengi yamezaliwa pale kauntani, kwa kuwa ndipo ninapowaona watu wakihesabu sarafu na kununua vidonge vya siku mbili badala ya dozi nzima. Shairi langu la kwanza kupokelewa vizuri linaanza na mama mmoja wa aina hiyo:

Naja kwako mhudumu, mkononi sina kitu,
Mtoto hali ni ngumu, halali usiku katu.

Ni tarbia: mishororo minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo, nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na nane za utao, nusu ya pili. Kanuni hizo tulifunzwa shuleni kwa ajili ya mtihani. Tulihesabu mizani kwa vidole, tukataja vina, zile silabi zinazofanana mwishoni mwa kila nusu, tukafunga daftari.

Aliyenifungua masikio ni jirani yetu, mzee mzaliwa wa Lamu ambaye ploti nzima tunamwita Babu. Alinisikia nikifanya mazoezi kwenye ngazi akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona wakimbia? Shairi huimbwa." Kisha akaanza kughani beti za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Hakuwa na kitabu mkononi. Beti zile ziliishi vinywani mwa watu kwa miaka mingi, mpaka Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa, aliposaidia kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Na kwa kweli, ukimsikia Babu unaelewa zilivyodumu: mahadhi ndiyo yanayoyashika maneno yasipotee.

Kwake nilijifunza kwamba mkato ulio kati ya ukwapi na utao ni mahali pa kuvuta pumzi. Kwenye majukwaa ya Nairobi washairi wengi hutiririka kwa kasi, kwa Kiingereza na Sheng, na wapo wanaofanya hivyo kwa ustadi mkubwa ninaouheshimu. Lakini ukitua kwenye mizani ya nane, kina cha kati kikasikika, hadhira huanza kukisubiri cha mwisho. Kufikia ubeti wa tatu kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, si chako tena, ni cha hadhira.

Kazi iliyobaki ilikuwa mpangilio. Dakika 20 haziwezi kuwa magonjwa matupu, watu watachoka na uchungu. Niliweka shairi la vijana wa bodaboda baada ya lile la mama wa dawa, na kati ya hayo mawili nikaweka hadithi fupi ya kusimulia tu, ili watu wapate pa kupumulia. Mazoezi niliyafanya kwenye matatu, Jogoo Road, midomo ikichezacheza bila sauti. Msongamano wa jioni pale City Stadium unatosha beti nyingi sana. Niliombwa nipigiwe gitaa nikakataa. Tarbia iliyokaa sawa ina ngoma yake ndani.

Siku yenyewe Babu alikuja na kanzu na kofia, akaketi safu ya mbele. Nilipofika kwenye kile kibwagizo, "Dawa ni ya mwenye nazo, asiye nazo alale," nilisema nusu ya kwanza nikanyamaza. Ukumbi mzima ukamalizia. Mwanamke mmoja nyuma alilisema neno "alale" kwa sauti kubwa kuliko wote, na nikajua kwamba naye amewahi kusimama mbele ya kaunta kama yangu.

Baada ya hapo Babu aliniomba nimrekodie shairi hilo amtumie dada yake Lamu kwa WhatsApp. Nimeshafanya hivyo. Sasa naandika utenzi, mizani nane kila mshororo, kuhusu wauguzi wa zamu ya usiku, na safari hii naughani kwanza ndipo nauandika.