Zamu ya Alhamisi

Mwaka 2022 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Usiku wa Jumamosi Kuu, majirani zetu wa Bagamoyo wakiwa kwenye tarawehe, sisi tulisimama kanisani na mishumaa mikononi, tukirudia ahadi za ubatizo. Padre akauliza kama tunamkataa Shetani na mambo yake yote. Tukamkataa. Akauliza kama tunasadiki. Nasadiki, tukaitika kanisa zima.

Jumatatu ya Pasaka bibi mmoja wa jumuiya yetu akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito. Mtoto aliye hai hakuwa naye. Wazee wake walikuwa watu wa misheni, uzao wa waliokombolewa utumwani. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ile mwaka 1868, wengi waliopokelewa walikuwa watoto waliong'olewa makwao bara, hawajui tena mjomba wala shangazi. Waliobatizwa pamoja ndio wakawa ndugu. Bibi alizoea kusema ukoo wao umeanzia kwenye kisima cha ubatizo, na alilisema hilo kwa fahari.

Jumamosi alfajiri tukakutana barazani kwa mhazini. Somo la Jumapili ile lilitoka Matendo ya Mitume sura ya 5: wagonjwa wanatolewa njiani na magodoro yao, angalau kivuli cha Petro kiwapitie. Tulipomaliza kusali, baba mmoja mwenye duka akapendekeza tuchange, tumwajiri msichana wa kumhudumia Bibi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa tayari kutoa nusu ya mshahara huo mwenyewe. Wengi tuliafiki.

Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima anayekaanga samaki sokoni, alingoja kila mtu aseme. Kisha akasema, "Fedha tutachanga, baba, maana dawa zinanunuliwa. Lakini usiku wa Pasaka hakuna aliyemtuma msichana akamjibie padre."

Hapo mjadala ukawa mkali. Wako waliosema wana watoto wadogo, wako waliosema kazi zao ziko Dar, na walisema kweli. Mama hakubishana nao. Alimwambia katibu afungue daftari, aandike siku saba, kila siku na usiku wake. Akaanza na jina lake. Mwenye duka akajiandikisha kuchota maji na kumpeleka Bibi kliniki. Ilipofika Alhamisi usiku baraza likanyamaza, nikasema niandikwe mimi.

Sikuwa nimewahi kumuuguza mtu. Muuguzi alitufundisha: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na akila akalishwe wima asipaliwe. Mkono uliopooza ni mzito kuliko nilivyodhani. Usiku wa kwanza Bibi alilia nilipombadilisha nguo, kwa aibu ya kuvuliwa na mtu wa umri wa mjukuu wake, nami nikalia naye, kisha nikamfunga kanga safi. Mpaka leo nasadiki huo ndio usiku nilioujibu ule wito wa Pasaka.

Jirani yake wa ukuta mmoja, Mwislamu, alileta uji kila magharibi. Wa Bibi kwanza, ndipo akafuturu na wanawe. Katibu alitaka kumwandika kwenye daftari, akakataa. "Mimi jirani, mwanangu. Jirani ana zamu?"

Wapo waliokosa siku zao. Mama mwenyekiti hakuwasuta. Alikwenda kwao kuuliza kama kuna anayeumwa, na mara mbili tatu alikuta kweli yupo, nasi tukapata nyumba nyingine ya kuhudumia.

Mvua za masika zilipopungua, jumuiya ikasali kwa Bibi. Katibu akasoma zamu za wiki. Bibi akanyanyua mkono wa kushoto. Tukadhani anataka maji.

"Na mimi," akasema. "Niandikeni."

Wengine wakaanza kumtuliza. Mama mwenyekiti akamuuliza, "Siku gani, Bibi?"

"Jumanne."

Jumanne Mama akamleta mjukuu wake wa miaka minne, ambaye hushinda naye kwenye moshi wa samaki, akamwacha kwa Bibi hadi adhuhuri. Akamlipa Bibi kwa vibua viwili. Bibi akampa mtoto kimoja, kingine akamtuma ampelekee jirani.