Mstari wenye tawi

Jumamosi ni siku ya kufagia karakana. Mtoto anashika ufagio wa chelewa, mimi nashughulika na benchi na jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa juu yake. Wiki iliyopita alifika katikati ya sakafu akainama, ufagio ukatulia.

"Mama, mbona huu mstari una tawi?"

Nikamwambia pumba za mbao zikikaa mle ndani zinashika oili, kwa hiyo azichokoe kwa bisibisi bapa kabla ya kufagia. Hilo halikuwa jibu la swali lake. Jibu lenyewe ni la usiku mmoja wa Julai 2011, nami sijawahi kulieleza lote, hata kwa baba yake.

Sakafu aliyotuachia Babu yake haikuwa zege. Ilikuwa niru, yaani saruji na mchanga bila kokoto, ya sentimita 3 juu ya udongo mwekundu uliokanyagwa kwa miguu. Kwa kuegesha baiskeli ilitosha. Tulipoingiza gari na kulinyanyua kwa jeki ya tani 2, kitako cha jeki, ambacho ni kidogo kuliko kiganja, kikatoboa niru na kuzama, gari likaegemea upande. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa chini yake. Unyevu nao ulikuwa unapanda kutoka ardhini. Tupa na patasi zilizokaa rafu ya chini ziliota kutu kila masika. Mwenye shaka na sakafu yake abandike kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, azibe kingo zote kwa utepe, akiache mpaka kesho yake. Akikuta matone kwa chini, au saruji imekoza rangi, asipoteze pesa kwenye rangi ya sakafu. Itabanduka magamba magamba.

Tukaivunja. Kazi nilimpa fundi mmoja mzee wa Makorora, hapa Tanga, aliyekuja kila siku kwa baiskeli, pima maji imefungwa kwenye fremu kwa mpira. Udongo tuliuchimba sentimita 25, tukarudisha moramu, ule udongo wa changarawe, kwa tabaka mbili, kila tabaka likashindiliwa likiwa na unyevu kidogo. Juu yake mchanga wa kusawazisha, kisha nailoni nyeusi nzito, na pale vipande vilipokutana tukalaza kimoja juu ya kingine kwa sentimita 30.

Chumba ni mita 3.6 kwa 6, na zege lilitakiwa liwe la sentimita 10. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hiyo ni mifuko 14 ya saruji. Mzee hakukubali kupima kwa koleo. Alitengeneza boksi la mbao lenye ndani ya sentimita 40 kwa 35 kwa 25, maana hicho ndicho kiasi cha mfuko mmoja wa kilo 50 ukimwagwa. Mfuko mmoja, boksi 2 za mchanga, boksi 4 za kokoto za Pongwe. Mchanga ulikuwa wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi inavuta unyevu na kula nondo. Maji hayakuzidi ndoo moja na robo, ndoo ya lita 20, kwa kila mfuko, na mchanga ulipokuja umelowa akayapunguza.

Wavu wa nyaya za milimita 6, ule mafundi wanaouita BRC, aliuinua kwa vitofali vya zege ukae juu ya nusu ya unene. Wavu unaolala chini kabisa kwenye nailoni hausaidii kitu kuzuia nyufa za juu. Chini ya pale mstari wa kukatia zege ulipokusudiwa kupita, akakata waya mmoja na kuruka mmoja.

Kulikuwa na agizo lake moja nililolitimiza nusu. Alitaka ukuta na nguzo zote mbili za geti zizungushiwe karatasi nene ya lami ili zege lisishikamane nazo. Karatasi niliyonunua ikaishia nguzo ya kwanza. Duka lilikuwa limefungwa, zege limeshaanza kuchanganywa, nikasema basi.

Tulimaliza kumwaga saa 6 mchana. Kusi lilikuwa linavuma, na upepo wa namna ile unakausha uso wa zege kabla ya tumbo lake, kwa hiyo tukaziba geti kwa turubai. Baada ya muda maji yakapanda juu yakang'aa. Kijana saidia fundi akachota saruji kavu ayanyunyizie yakauke upesi apige niru. Mzee akamshika mkono. Saruji inayonyweshwa maji yale inakuwa ganda bovu, na miaka miwili baadaye sakafu inatoa vumbi kila ukifagia. Tukangoja mpaka mng'ao ukaisha wenyewe na kiatu kikawa kinaacha alama ya nusu sentimita tu, ndipo ubao wa kusugulia ukaanza kazi, na baadaye mwiko wa chuma.

Saa 3 na nusu usiku, baada ya sala ya isha, Mzee akarudi kukata mstari.

Zege likikauka husinyaa. Kwa urefu wa mita 6 ni kama milimita 3, na kwa kuwa haliwezi kuvutika, litapasuka tu. Kazi ya fundi ni kulichagulia pahala pa kupasukia. Mkato unaingia robo ya unene, yaani sentimita 2 na nusu, ufa unajificha chini yake, na anayetazama anaona mstari ulionyooka. Kwa sakafu ya sentimita 10, mikato isiachane zaidi ya mita 3 na kidogo. Yetu ilihitaji mmoja tu, katikati, kutoka ukuta hadi ukuta.

Alikwangua uso kwa msumari. Kokoto moja ikang'oka. "Bado," akasema, akakaa juu ya ndoo. Baada ya nusu saa akakwangua tena, mkwaruzo ukatoka mwembamba, kokoto zimetulia. Tukapiga uzi wa chokaa. Akavaa barakoa na miwani, akawasha grenda kubwa yenye disiki ya almasi. Maji hatukutia, kwa sababu grenda ile haikutengenezwa kukutana na maji. Vumbi likajaa mpaka balbu ikawa kama mwezi wa mawingu. Akaenda kwa magoti, akirudi nyuma, uzi ukiwa katikati ya magoti yake.

Karibu na mita 2, umeme ukakatika.

Disiki iliendelea kuzunguka gizani, sauti ikishuka taratibu. Mzee hakuinua grenda mpaka iliposimama kabisa. Nikawasha taa ya simu. Alikuwa amevua glovu, amelaza kiganja juu ya sakafu.

"Weka mkono hapa, mwanangu."

Ilikuwa na joto, kama paji la mtoto mwenye homa. Sikujua kwamba zege huzaa joto likiwa linashika. Nilisogeza mkono mpaka kwenye nguzo ya geti, ile iliyokosa karatasi, na pale ilikuwa baridi. Mbali kidogo joto, kwenye nguzo baridi. Mzee akasema, "Likipoa kabla hatujalikata, litajikata lenyewe." Alfajiri ya Julai hapa Tanga ina ubaridi wake, na usiku ulikuwa bado mrefu.

Jirani alikuwa na jenereta ya wati 950. Grenda inataka zaidi ya 2,000. Mzee akajaribu patasi na nyundo, mapigo manne, kokoto zikaruka pembeni mwa mstari, akaacha. Basi tukalifunika kwa magunia ya mkonge, makavu, na turubai juu yake, ili joto lisitoke upesi. Magunia mabichi yangelipoza. Tukakaa mlangoni. Hatukuzungumza sana. Kila baada ya muda alikuwa anaingiza mkono chini ya gunia, kama mtu anayepima kama ugali umeiva, kisha anautoa bila kusema lolote.

Umeme ulirudi saa 10 na robo alfajiri. Akamalizia mita 1.6 zilizobaki kabla ya adhana, kwa taa yenye vumbi, kisha tukarudisha magunia, safari hii tukiyalowesha. Akaniachia kazi: yabaki na maji siku 7, asubuhi, mchana na jioni, yasikauke hata mara moja.

Siku ya nne nilikwenda Korogwe msibani. Nilimwachia mtu. Niliporudi kesho yake jioni magunia yalikuwa makavu yanakwaruza, na upepo umekunja mawili. Nikamwagia maji mengi, kana kwamba maji ya leo yanaweza kwenda jana.

Siku ya nane tulifunua pamoja. Mkato ulikuwa umenyooka vizuri. Lakini pale disiki iliposimama usiku ule, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umechepuka kuelekea nguzo ya geti. Mzee akaupitishia ukucha toka mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Magunia yalikauka?"

Nikasema, "Hapana, Mzee."

Akatikisa kichwa. Kwenye malipo ya mwisho akanirudishia shilingi 20,000, akasema angejaribu kukata nusu saa mapema, huenda tungeuwahi umeme. Nilizipokea. Akafunga pima maji kwenye baiskeli akaondoka, nami nikabaki nimesimama na zile noti.

Sijui hadi leo kilichoupasua. Ufa ulioanzia mwisho wa mkato unasema ni ubaridi wa usiku ule. Ufa ulioelekea nguzo isiyo na karatasi unasema ni nguzo. Na zege lililokosa maji siku moja na zaidi halikosi kudai. Huenda ni yote matatu. Nilichokuwa nakijua siku ile ni kwamba yeye alikuwa amebakiwa na sababu moja tu, ambayo ni yake. Alifariki 2016. Nilikwenda kuzika.

Sakafu yenyewe ni nzima. Gari linapanda, jeki haizami, jiliwa imefungwa kwa bolti za milimita 12 na haijawahi kutikisika. Mkato niliujaza gundi ya mpira baada ya miezi miwili, zege lilipomaliza sehemu kubwa ya kusinyaa. Gundi ngumu ingeng'oka. Kila baada ya miaka michache naikwangua kwa kisu pale ilipoachia ukingo, nafuta vumbi, naweka nyingine. Tawi nimeliacha wazi. Ncha yake nimeitia alama ya penseli na tarehe, ili nijue kama inatembea. Zipo alama sita. Nne za mwisho zimepandana.

Jumamosi ile mtoto aliziona, akanisomea tarehe moja moja, kisha akauliza tena habari ya tawi. Nikamweleza umeme ulivyokatika, na karatasi ilivyoishia nguzo ya kwanza. Ya magunia sikuisema. Nilimpa penseli, akaandika ya saba.