Betri mbili za mashine ya Mzee

Mzee wangu hanyolewi kwa wembe. Tangu alipopata kiharusi anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na mchubuko mdogo tu kidevuni unaweza kuvuja nusu saa nzima huku tumeukandamiza kwa pamba. Mkono wake wa kulia nao haujarudi sawasawa. Ndiyo maana dada yangu anayeishi Muscat alimletea mashine ya umeme ya kunyolea ndevu, ile ambayo visu vyake vinakwenda huku na huko chini ya wavu mwembamba, ngozi haivigusi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya msikiti, namkalisha barazani hapa Ngamiani, Tanga, namnyoa.

Baada ya miaka sita mashine ikaanza kuchoka. Zamani tukiichaji mara moja tunanyoa Ijumaa nne au tano. Zikawa mbili, ikawa moja, kisha ikawa inaishia katikati ya shavu. Mashine ya namna hii ikikosa nguvu haizimiki ghafla. Visu vinapunguza mwendo, vinashika unywele bila kuukata, vinaunyofoa. Mzee hana tabia ya kulalamika, hufumba macho tu na kukaza taya. Nilipomwona anafumba macho Ijumaa mbili mfululizo nikajua hali si nzuri. Na ya kwetu haikubali kufanya kazi ikiwa kwenye waya, imetengenezwa hivyo kwa usalama kwa kuwa ni ya kutumika karibu na maji.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliigeuza mara moja tu akasema hizi hazifunguliwi, nunua nyingine. Mpya ya aina ile isingenipa chenji kwenye shilingi 180,000. Lakini kuna jambo lilinikataza kukubali: ikitoka tu kwenye chaji, kwa dakika mbili za mwanzo ilinguruma vilevile kama zamani. Mota ingekuwa imekufa isingenguruma hivyo. Visu vingekuwa butu, ingenyofoa tangu mwanzo. Kilichobaki ni betri.

Nikaiacha iwake mpaka ikazimika yenyewe, nikatoa kichwa, nikakisugua kwa brashi. Parafujo mbili zilionekana chini, karibu na tundu la chaji. Ya tatu nilihangaika nayo karibu saa nzima. Nilikuwa navuta, gamba linaachia upande mmoja na kung'ang'ania upande wa pili, nusura nilivunje. Ilikuwa imejificha chini ya kile kibandiko cha nyuma chenye maandishi ya volti. Sasa nasema kwa kila mtu: gamba likigoma, usilazimishe, papasa kibandiko kwa kidole, ukisikia kishimo hapo ndipo parafujo ilipo. Baada ya hapo nilipitisha kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye mstari wa kuunganishia, ndoano za plastiki zikaachia moja baada ya nyingine bila kukatika. Bisibisi ya chuma ingechubua plastiki na kuharibu ule mpira mwembamba unaozuia maji.

Ndani mlikuwa na mota, bodi ndogo, na betri mbili za kijani zenye ukubwa wa AA. Zimeandikwa Ni-MH (aina mojawapo ya betri za kuchaji), 1.2V, 1300 mAh (kiasi cha chaji inachobeba). Zilikuwa zimefuatana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, pamoja zinatoa volti 2.4. Kabla sijagusa kitu nilipiga picha tatu kwa simu, kisha nikachukua kalamu ya wino mzito nikaweka alama ya kujumlisha kwenye bodi, pale chanya inapoingia. Picha peke yake sikuiamini, maana ukishageuza bodi kushoto kunakuwa kulia.

Nikapima kwa mita. Moja ilisoma volti 1.22, ya pili 0.4. Kwenye ncha ya ile ya pili kulikuwa na unga mweupe, kama chumvi. Huo ni ukali wa alkali, kinyume cha tindikali, uliovuja kutoka ndani ya betri, unachoma ngozi na ni hatari machoni, kwa hiyo nilivaa glovu. Niliusafisha kwa kijiti cha pamba kilichochovywa maji ya ndimu, kwa kuwa tindikali ya ndimu inaua ukali ule, halafu nikafuta kwa spiriti na kuacha pakauke kabisa.

Hapo ndipo mtu anaposhawishika kubadilisha ile mbovu tu. Nilikataa, na nashauri kila mtu akatae. Betri zikifuatana, ile dhaifu ndiyo inayoisha kwanza, na mwenzake akiwa bado na nguvu anaendelea kuusukuma umeme kupita ndani yake hata ikiwa tupu, mpaka chanya inageuka hasi. Hiyo ndiyo inayoiua haraka. Ukiweka mpya pamoja na kuukuu, unaanza safari ileile upya.

Kutafuta betri kulinichukua wiki mbili, na hapa ndipo ningeweza kuharibu kila kitu. Duka la kwanza mjini kijana alinitolea betri mbili, akasema, "Hizi zinaingia kaka, saizi ni ileile." Kweli saizi ilikuwa ileile, urefu na unene. Nikazigeuza kusoma: Li-ion, yaani za lithiamu, 3.7V. Mbili zikifuatana ni volti zaidi ya saba kwenye mota ya volti mbili na nusu. Tena chaji ya mashine hii imetengenezwa kwa Ni-MH, haijui lithiamu inapaswa kukomea wapi, na lithiamu ikichajiwa isivyo inavimba na inaweza kuwaka moto. Kitu ambacho kitashikwa karibu na uso wa baba yangu! Nilimshukuru nikazirudisha mezani. Kufanana umbo si kufanana betri, maandishi madogo ya ubavuni ndiyo ya kusoma.

Nyingine nilizoonyeshwa zilikuwa Ni-MH kweli, ila zimeandikwa 3500 mAh na ni nyepesi kama zina hewa. AA ya Ni-MH hata iliyo nzuri sana haifiki huko, na uzito wake huwa kama gramu 25 hadi 30. Mwishowe binamu yangu alinitafutia Kariakoo, akazituma kwa basi. Zilikuwa mbili za 2000 mAh, za ile aina inayotunza chaji hata ikikaa wiki kadhaa bila kutumika, na zina vibati vya nikeli vilivyochomelewa kiwandani ncha zote mbili. Vibati hivyo ndivyo nilivyomsisitizia. Ukilehemu moja kwa moja kwenye betri, joto linaingia ndani na kuharibu kizibo cha plastiki kilicho chini ya ncha ya chanya. Ukiwa na kibati, joto linaishia kwenye kibati. Jumla, na nauli ya kifurushi, ilikuwa shilingi 21,000.

Chuma cha kulehemu niliazima kwa kijana jirani anayetengeneza redio. Aliniambia nifanye mazoezi kwanza kwenye vibati vya betri kuukuu, na nikafanya mpaka risasi ikawa inatandaza yenyewe na kung'aa badala ya kukaa kama tone. Sekunde mbili, tatu, unatoa. Kwenye bodi niliyeyusha risasi ya zamani, nikachomoa vibati vya zamani bila kuvuta kwa nguvu, maana ukivuta njia ya shaba inabanduka na bodi.

Kisha tatizo ambalo sikulitegemea: gamba halikufunga. Betri za kiwandani zilikuwa na ncha bapa, hizi zangu zina chuchu ya chanya, na chuchu hiyo iliongeza kama milimita moja kila betri. Nilitaka kubana tu kwa parafujo. Nilisita nilipoona jinsi kibati cha chanya kilivyolalia ukingo wa betri. Mwili wote wa betri ni hasi, mpaka juu kabisa kuizunguka chanya, na kinachotenganisha viwili hivyo hapo ukingoni ni ile ngozi nyembamba ya plastiki ya rangi. Kibati kikibanwa pale kitaikata, na betri itajikutanisha yenyewe na kupata moto. Nikafungua tena. Nilikata kipete cha karatasi ngumu nikakivalisha kila chuchu, nikapunguza vibati kwa mkasi ili vilale mara moja badala ya kukunjwa mara mbili, nikazungushia mkanda wa umeme. Gamba likafunga kwa vidole, bila bisibisi.

Mpira wa kuzuia maji niliurudisha kwenye mfereji wake na kuupaka mafuta kidogo ya silikoni, lakini siuamini tena kama ulivyokuwa ulipotoka kiwandani. Tangu siku ile sisafishi mashine kwa maji ya bomba, natumia brashi tu.

Chaji ya kwanza ilinitia wasiwasi. Kijitabu kinasema saa 8, lakini hiyo ni kwa 1300. Chaji ni ileile na betri ni kubwa zaidi, kwa hiyo nilihesabu kama saa 12. Nilikaa nayo sebuleni, nikiishika kila baada ya saa moja. Ilipata uvuguvugu wa kawaida mwishoni, si zaidi.

Betri kuukuu nimezifunga mkanda kwenye ncha zote na kuziweka kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto. Jalalani kwetu takataka huchomwa, na betri haitakiwi kufika kwenye moto.

Ijumaa yake Mzee alikaa kwenye kiti chake barazani, taulo mabegani. Nilianzia shavu la kulia, upande usio na nguvu, ambako ngozi inabidi niivute kwa vidole. Mashine ilinguruma sauti moja mwanzo mpaka mwisho. Niliangalia macho yake muda wote, hakuyafumba. Nilipozima alipitisha mkono wa kushoto kidevuni taratibu, akausimamisha chini ya sikio.

"Hapa bado, mwanangu."

Nikawasha tena.